Kopo la Ushuru na Glasi ya Kaka Elia

Jumamosi moja, kabla bunduki hazijajua njia ya mtaa wetu, kaka yangu Elia aliigeuza glasi ya maji juu chini mbele ya wanawake wa Uvira, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa, na maji hayakumwagika. Wanawake walikuwa elfu tatu. Basi, tuseme thelathini. Lakini makelele waliyopiga yalikuwa ya watu elfu tatu.

Ilikuwa kwenye mashine ya kusaga muhogo. Akina mama walileta muhogo mkavu, wakapanga mabeseni kwenye foleni, wakakaa chini ya bati kungoja. Kungoja huko kulikuwa kurefu: mtu aliweza kuchumbiwa, kuolewa na kuachika kabla unga wake haujatoka. Kaka Elia alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari ya mji. Serikali ilikuwa imesahau kumlipa siku nyingi, naye alikwisha kuzoea kufundisha bure, kwa hiyo hakuona ajabu kuwafundisha hata wasio wanafunzi wake. Mwenye mashine alimruhusu. Alisema foleni yenye somo haipigani.

Aliijaza glasi maji mpaka pomoni, akaifunika kwa kipande cha karatasi ngumu, akaishika karatasi kwa kiganja, akaigeuza. Kisha akaondoa mkono. Karatasi ikabaki imeganda pale, maji yametulia juu yake.

"Mwalimu, hiyo ni dawa," alisema Mama Zawadi, mwanamke ambaye sauti yake iliweza kuzima injini ya mashine. "Umeipaka nini hiyo karatasi?"

"Sikuipaka kitu. Njoo ufanye mwenyewe."

"Nife?"

"Ukifa, unga wako nitausindikiza mimi mpaka nyumbani."

Mara ya kwanza Mama Zawadi alijimwagia maji kifuani. Mara ya pili karatasi ilishika. Kaka Elia akaeleza kwamba hewa ina uzito, kwamba inasukuma kutoka chini hata kama hakuna jicho linaloiona. Halafu akauliza, "Mmeamini kwa sababu nimesema mimi?"

"Tumeamini kwa sababu Mama Zawadi ameloa," mmoja akajibu.

"Vizuri. Ndiyo elimu yenyewe."

Hapo ndipo aliposhika njia yake ya siku zote, kutoka kwenye glasi mpaka kwenye siasa, na njia hiyo aliijua hata macho yakiwa yamefumbwa. Alisema zamani huko Ulaya watu waliambiwa kwamba dunia imesimama katikati ya vyote, na mfalme amesimama juu ya watu, na yote mawili ni mpango wa Mungu usioulizwa. Kisha wakatokea watu wenye vioo vya kutazamia mbali na vyombo vya kupimia hewa, wakasema: msituamini, tazameni wenyewe. Dunia ikaonekana inatembea. Wakaja wengine wenye kufikiri juu ya serikali, wakasema: ikiwa hata mbingu zina kanuni ambazo kila mtu anaweza kuzichunguza, mfalme ni nani asichunguzwe?

"Na mfalme alijibu nini?" Mama Zawadi aliuliza.

"Yule wa Ufaransa jibu lake halikuwatosha. Walimkata kichwa."

Kisha Mama Zawadi akasema polepole, "Sisi hatuna mfalme, mwalimu. Sisi tuna kopo."

Kila mtu alijua ni kopo gani. Bwana ushuru wa soko alichukua unga badala ya fedha, kopo moja kwa kila beseni, na kopo lilikuwa la kwake, alikuja nalo asubuhi na kurudi nalo jioni. Akina mama wote walishuku kwamba lilikuwa kubwa kuliko kopo la kuuzia. Walinong'ona hivyo miaka mingi.

"Mnashuku au mnajua?" Kaka Elia aliuliza.

Kaka Elia akaiinua ile glasi.

"Kushuku kunafanywa na moyo. Kujua kunafanywa na mikono. Bebeni maji."

Juma lililofuata, mchana kweupe, Mama Zawadi alisimama mbele ya meza ya bwana ushuru na ile glasi ya kaka yangu. Kopo la kuuzia lilijaa kwa glasi sita. La bwana ushuru lilimeza sita, likameza ya saba, likameza ya nane. Soko zima lilikuwa linahesabu kwa sauti. Bwana ushuru, jasho likimtiririka, alisema kopo lilikuwa limevimbishwa na jua. Walicheka mpaka samaki ziwani wakaanza kuulizana kuna nini. Siku ya soko iliyofuata alikuja na kopo jingine, na watu walilipima kabla hajaketi. Nasema mpaka leo kwamba mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa mchezo wa watoto mbele ya yale.

Mtu mmoja hakucheka: wifi yangu Furaha, mke wa Elia. Alikuwa fundi wa nguo, na alizoea kuongea pini zikiwa katikati ya midomo, ndiyo maana maneno yake yalitoka machache na makali. "Huyu mume wangu atatuua na glasi yake," aliniambia. Hakutaka kuiona nyumbani mwake. Basi Elia akaiweka kwangu, ng'ambo ya kijito, juu ya kabati, na Jumamosi alikuwa akipita kuichukua.

Kisha vita vikaja. Askari wa serikali walipita mbio kuelekea kusini, wengine wakivua viatu vizito ili wakimbie vizuri. Siku mbili hatukusikia kitu. Siku ya tatu waliingia wapiganaji kutoka milimani, na kamanda wao akatukusanya kwenye uwanja wa mpira.

Alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, msemaji mzuri. Alisema mapinduzi yao ni ya kisayansi. Alisema wakati wa kuamini umekwisha, wakati wa kuuliza umefika. Kaka Elia alinigeukia, uso unamng'aa kama mtu aliyepokea barua ya uchumba.

"Umesikia, Mapendo?"

"Nimesikia."

"Ni maneno yetu yale."

Ushuru wa soko ulifutwa siku ileile, na tulishangilia. Kaka Elia aliitwa kufundisha katika semina za wapiganaji, wakimwita Komredi Mwalimu. Furaha alipewa kazi ya kushona sare, uani mwa nyumba ya kamanda. Kwa muda tulikula vizuri.

Wa kwanza kuchukuliwa alikuwa bwana ushuru. Walikuja kumtoa kwake asubuhi, hakurudi. Soko halikuuliza kosa lake. Tulisema labda alistahili.

Baada yake wakaenda wengine, na hao hatukujua wa kuwalaumu. Hapo mji ukageuka. Watu walianza kuchambua maneno kama mchele wenye mawe. Ukimkuta mtu amenyamaza, ulishuku anasikiliza. Ukimkuta anaongea, ulishuku anakutega. Jirani alikusalimu macho yakiwa nyuma ya bega lako. Kwenye mashine, Mama Zawadi aliyekuwa anazima injini kwa sauti sasa aliomba zamu yake kwa kidole.

Halafu kopo likarudi. Jina lilikuwa mchango wa mapinduzi, na aliyelishika alikuwa mpiganaji mwenye bunduki magotini. Hata mtoto angeona kwamba lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza.

Akina mama walimtazama Kaka Elia. Nilimwona tu anautafuna mdomo wake wa chini.

Hapa sitatia chumvi.

Asubuhi moja, si Jumamosi, Kaka Elia alipita kwangu. Alishusha glasi kutoka juu ya kabati, akaifunga ndani ya kitenge.

"Unaipeleka wapi?"

"Kuna mtu nataka kumwonyesha kitu."

Nilidhani ni semina. Akaondoka akipitia kijitoni.

Alasiri jirani alikuja akakaa mlangoni pangu bila kubisha. Akasema, "Wamemchukua."

Nilikimbia. Furaha alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye cherehani, mtoto mapajani. Hakuwa analia. Alinitazama, akageuza uso.

"Wamesema nini?"

"Wamesema nisimpikie."

Hilo tu. Sikupata neno jingine kwake siku ile, wala siku zilizofuata.

Wiki ile ile mji ulianza kupigwa mizinga. Mimi niliingia katika mtumbwi wa kwenda Kigoma pamoja na mama yetu, Furaha akavuka mpaka kwenda Burundi na mtoto wake. Hatukuagana.

Katika kambi ya wakimbizi nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri, na mtu mwenye muda mwingi na ushahidi mdogo ni hatari. Nilifikiri: nani aliyekuwa anaingia kwa kamanda kila siku? Nani aliyesema mume wake atatuua? Nani alinigeuzia uso? Nilijibu maswali yote matatu kwa jina moja, na jibu hilo nililibeba kutoka kambini mpaka Birmingham, Uingereza, ambako nililetwa na kupewa nyumba huku mtaa wa Hodge Hill, yenye bustani ndogo ambayo mvua haijawahi kuisahau hata siku moja tangu nilipoingia.

Miaka michache baadaye nikasikia Furaha naye yuko mji huu, mtaa wa Kings Heath, anapunguza suruali na kushona mapazia. Wakongo wa Birmingham si wengi kiasi cha kukuwezesha kumkwepa mtu. Tulikutana misibani na harusini. Tuliombeana heri kwa ncha za vidole, kila mmoja akaenda kukaa upande wake. Binti yangu aliwahi kuniuliza, kwa Kiingereza chake, yule mama anayenitazama ni nani. Nikamwambia ni mtu wa kwetu.

Kilichonivusha mji mpaka mlangoni pa Furaha ni shule. Baada ya miaka ya kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu, niliandikishwa masomo ya jioni pale Digbeth, karibu na kituo cha mabasi ya mbali, nikachagua historia. Nilikuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote, na kwa kelele niliwashinda wote pia. Mwalimu wetu alikuwa Mwingereza mpole ambaye soksi zake hazikuwahi kufanana. Jioni moja alifundisha jinsi sayansi mpya na fikra mpya zilivyowatia watu ujasiri wa kupindua wafalme, nami nikakaa pale nimeduwaa, maana lilikuwa somo la mashine ya muhogo, neno kwa neno, ila bila unga nywelini.

Akatuambia kwamba hata mji huu ulikuwa na watu kama hao, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Walikutana majumbani mwao mwezi ukiwa mpevu, ili wapate mwanga wa kurudia, wakizungumza habari za mvuke, umeme na hewa. Mmoja wao, aliyeichunguza hewa mpaka akapata ile inayofanya mshumaa uwake kwa nguvu, aliyasifu mapinduzi ya Ufaransa waziwazi. Umati ukaichoma nyumba yake, na vyombo vyake vyote vya kupimia vikaharibiwa. Yeye akaokoa roho yake akakimbia.

Nilinyoosha mkono. "Nani aliwatuma?"

"Hilo limeulizwa sana," mwalimu alisema. "Wapo wanaowashuku wakubwa wa mji. Lakini kushuku ni jambo moja na kujua ni jingine."

Darasa likaendelea, mimi nikabaki hapo. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimemhukumu wifi yangu, na sikuwa nimemuuliza hata swali moja.

Jumapili baada ya kanisa nilipanda basi kwenda Kings Heath. Anakaa juu ya duka, ngazi nyembamba utadhani imejengwa kwa ajili ya paka. Nilibisha. Mlango ukafunguka kwa upana wa mnyororo.

"Nani?"

"Mapendo."

"Mapendo gani?"

"Wifi, kwani unao wangapi?"

Mnyororo ukatoka.

"Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu."

Hata hivyo alitazama ngazi nyuma yangu mpaka chini kabla ya kufunga. Akanikalisha karibu na cherehani, katikati ya suruali za watu, akaleta chai.

"Bado unatia sukari mpaka kijiko kinasimama wima?"

"Daktari amenikataza."

"Kwa hiyo unatia?"

"Natia."

Tabasamu lilimpita usoni, halikukaa. Akasubiri. Nikamwambia nina swali.

"Hata mimi ninalo," alisema. "Liko huku miaka yote. Lakini wewe ndiye uliyepanda basi. Anza."

"Ulimwambia nini kamanda juu ya Elia?"

Hakukasirika. Aliweka kikombe chini, akacheka kicheko kikavu kama kitambaa kinachopasuliwa.

"Mimi? Mapendo, mimi? Glasi ilitoka kwako."

"Glasi gani?"

"Usinifanye mtoto. Walipokuja kumchukua, yule mkubwa wao alikuwa ameishika mkononi. Akaiweka mezani pangu. Akamuuliza Elia, hii ni yako? Akajibu, ni yangu. Wakaondoka naye. Na glasi ile ilikaa wapi? Kwangu niliikataza. Ilikaa kwako, juu ya kabati. Sasa niambie wewe ilifikaje mikononi mwa wapiganaji."

Nilikuwa sijui. Zaidi ya miaka ishirini, na nilikuwa sijui kwamba glasi ilirudi nyumbani mwake mikononi mwa wapiganaji.

"Aliichukua mwenyewe," nikasema. "Asubuhi ile. Alipita kwangu, akaifunga kwenye kitenge. Alisema kuna mtu anataka kumwonyesha kitu."

"Asubuhi ya siku ileile?"

"Ileile."

Furaha aliinuka, akaenda dirishani, akashika pazia bila kulifungua. Chini watu wa Kings Heath walikuwa wananunua vitu vyao vya Jumapili.

"Alirudi mchana," alisema akiwa amenipa mgongo. "Nilidhani ametoka shule. Alikula vizuri, akaongeza samaki. Nikamwuliza mbona una furaha. Akasema, mambo yatakuwa sawa, wale ni watu waliosoma."

Hapo wote wawili tukaona. Hakuna aliyemchongea kaka yangu. Alikwenda kwa kamanda mwenyewe, kwa miguu yake, na glasi yake ndani ya kitenge, akampimia kopo la mapinduzi mbele ya macho yake, kama alivyofanya kwa bwana ushuru. Hakufanya hivyo sokoni mbele ya watu, nadhani ili asimwaibishe. Alimwamini mtu aliyesema wakati wa kuuliza umefika. Kamanda akabaki na glasi, labda alisema ataliangalia jambo hilo, na Kaka Elia akarudi nyumbani kula akiwa na hakika kwamba ushahidi umetosha.

Nimekaa na jambo hili tangu Jumapili ile, na hata shuleni nimeliandika. Zile fikra hazikuwa na kosa. Kopo lilikuwa kubwa, na maji yalisema kweli. Lakini bwana ushuru alitoka jasho alipopimiwa, kwa sababu soko zima lilikuwa linamwona na yeye alikuwa bado na haya. Kaka yangu alidhani haya iko ndani ya kila mtu, kama hewa. Hilo hakulipima.

"Sasa hasira yangu niipeleke wapi?" Furaha aliuliza. Alikuwa amerudi kukaa. "Yote nilikuwekea wewe. Nilikuwa nakuona kwenye harusi unacheza, nasema, tazama miguu ya mwuaji."

"Mimi nilisema mikono yako. Nilipokuona unakata keki."

"Keki ya nani?"

"Ya mtoto wa mchungaji."

"Ile keki ilikuwa mbichi katikati," alisema, na machozi yakaanza kumtoka hapo hapo, bila sauti. "Kwa nini hakuniambia? Ningemfungia mlango. Ningemficha viatu."

"Ndiyo maana hakukuambia."

"Na wewe je?"

"Mimi aliniambia kipande."

Alinitazama, na kwa nukta moja niliona ile shaka ya zamani inachungulia tena machoni mwake, inatafuta mahali pa kukaa. Huenda naye aliiona machoni mwangu. Kitu kilichokaa kwa mtu miaka yote hiyo hakihami kwa kikombe kimoja cha chai. Lakini hakuna aliyekipa kiti.

Alivuta suruali ya mteja, akanipa. "Fumua hilo pindo. Macho yangu hayauoni uzi."

Nikafumua. Tukamsema Elia waziwazi, kwa mara ya kwanza: ukaidi wake, akili yake nyingi pasipohitajika, jinsi alivyotoka na kitenge chake akapita kwa dada yake na kwa mke wake na hakumwambia hata mmoja wetu anakokwenda. Alipokuwa hai alikuwa mkubwa wetu sote wawili. Sasa tumempita kwa miaka mingi, na alasiri ile tulikuwa tunamzungumza kama wazazi wanavyomzungumza kijana wao aliyetoka nyumbani bila kuaga.